Kutoa Injini ya Petroli na Kuweka Mota ya Stima Kwenye Mashine ya Kukata Nyasi

Katika maboma mengi ya wafugaji wa Mukurwe-ini, Othaya, Tetu na Mathira, mashine ya kukatakata nepia na mabua ya mahindi huendeshwa na injini ya petroli. Mahali ambapo stima imefika, injini hiyo inaweza kutolewa na mota kuwekwa. Visu na fremu hubaki vilevile. Kazi si kubwa, lakini ikifanywa vibaya huunguza mota au kumwumiza mtu. Mfugaji anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo kabla ya kununua chochote.

Ukubwa wa mota. Si lazima mota iwe na nguvu sawa na namba iliyoandikwa kwenye injini. Namba hiyo ni ya injini ikizunguka kwa kasi ya juu kabisa, ilhali mota hutoa nguvu zake kamili mfululizo, na huvumilia mzigo zaidi kwa muda mfupi nyasi zinapobana. Mashine ndogo yenye injini ya nguvu za farasi 6.5 kwa kawaida hutosheka na mota ya nguvu za farasi 3, yaani kilowati 2.2. Nyumba nyingi zina stima ya feizi moja ya volti 240. Mota ya feizi tatu haitafanya kazi huko.

Kasi ya visu. Injini ndogo ya petroli hufikia mizunguko 3,600 kwa dakika. Mota nyingi huzunguka takriban mara 1,440. Ukihamisha puli ileile, visu vitazunguka polepole na nyasi zitakwama. Kwa mfano, puli ya inchi 3 kwenye injini itahitaji puli ya inchi 7.5 kwenye mota ya 1,440. Usipitishe kasi iliyoandikwa kwenye mashine, kwa sababu kisu kinaweza kung'oka. Kabla ya kufunga mkanda, washa mota peke yake uone inazunguka upande upi. Ikienda kinyume, fundi atabadilisha nyaya zake.

Nyaya na swichi. Mota ya kilowati 2.2 ikibeba mzigo kamili huvuta zaidi ya ampea 13, na wakati wa kuwaka huvuta mara kadhaa ya hizo. Kwa hivyo usiichomeke kwenye soketi ya nyumbani wala waya mrefu wa kurefushia. Itengenezewe laini yake yenye breka, waya wa ardhini, na kifaa cha kukata stima inapovuja, maana zizi huwa na maji na mkojo wa ng'ombe. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA.

Swichi iwe ya aina inayojizima stima ikipotea. Bila hiyo, stima ikirudi ghafla mashine itaanza kuzunguka huku mkono wa mtu ukiwa ndani akitoa nyasi zilizokwama.

Gharama. Mota hii ikifanya kazi kwa mzigo kamili hutumia uniti zisizozidi 3 kwa saa. Zidisha mara bei ya uniti unayolipa, kisha linganisha na petroli unayochoma kwa saa hiyo hiyo. Anayekata nyasi kila siku atarudisha pesa za mota mapema kuliko anayekata mara moja kwa wiki.

Wakati wa kusubiri. Mwombe fundi apime volti zizini mashine ikikata. Ikiwa zinashuka sana chini ya 240, mota itanguruma, ipate joto na kuungua. Ikiwa tatizo linatoka kwenye laini ya nje, piga ripoti kwa Kenya Power kupitia 97771, na uendelee na petroli hadi litatuliwe. Hata baada ya kuweka mota, usiuze injini haraka: ng'ombe hula hata siku stima imepotea.