Gitaa dakika 23, maneno kiduchu: Jinsi ya kusikiliza roki ndefu bila kuchoka

Panda kosta stendi ya Bukoba kuelekea Muleba, vaa spika za masikioni, kisha washa "Echoes" ya Pink Floyd, ngoma ya mwaka 1971. Huenda mkakaribia Kemondo ngoma hiyo hiyo ikiwa bado inaunguruma. Ni wimbo mmoja wa dakika 23, na muda mwingi hakuna anayeimba.

Wengi huishia dakika ya pili. Wanamsubiri mwimbaji, haji. Wanasubiri kiitikio, hawakisikii. Basi wanaruka wimbo unaofuata. Lakini ngoma ya namna hii ina mlango wake wa kuingilia, na mtu wa Kagera yuko karibu na mlango huo kuliko anavyodhani.

Ni muziki gani huu?

Unaitwa roki ya saikedeliki. Neno hilo lilitungwa miaka ya 1950 na daktari wa akili Mwingereza, Humphry Osmond, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya roho au akili kujidhihirisha. Miaka ya 1960 likahamia kwenye muziki wa vijana wa Marekani na Uingereza. Ni kweli kwamba enzi hizo muziki huo ulihusishwa sana na dawa za kulevya. Msikilizaji hazihitaji. Anachohitaji ni muda na utulivu.

Afrika Mashariki nayo haikuwa mgeni kabisa wa roki. Dar es Salaam ya miaka ya 1970 ilikuwa na bendi ya Sunburst, iliyochanganya roki, soul na Kiswahili. Albamu yao "Ave Africa" ya mwaka 1976 ilitolewa upya mwaka 2016. Jirani zetu Zambia walikuwa na roki yao, Zamrock, yenye bendi kama WITCH na Amanaz.

Sikio la nyumbani linaujua mwendo huu

Kabla ya gitaa, Wahaya walikuwa na nanga: ubao uliochimbwa katikati, nyuzi zikavutwa juu yake. Mpigaji alikaa akasimulia habari za mashujaa na watawala kwa muda mrefu, vidole vikirudia mapigo yale yale huku vikibadilisha kidogo kidogo. Profesa Mugyabuso Mulokozi alizifanyia utafiti tendi hizo katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1986.

Nanga ina maneno, roki hii ina machache. Lakini namna ya kusikiliza inafanana. Msikilizaji wa nanga hakai akingoja kiitikio. Anatulia, anaacha mapigo yamwingie, halafu anakamata pale mpigaji anapogeuza kitu.

Halafu kuna dansi. Nyimbo nyingi za rumba huanza taratibu kwa kuimba, kisha sauti zinapungua na magitaa yanachukua uwanja. Wakongo wanaita sebene. Kwa Tanzania wengine husema chemko. Zama za santuri ndogo, wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ukiisha, unaigeuza santuri ili upate utamu uliobaki. Waliocheza dansi la Mbaraka Mwinshehe au Franco wanajua kwamba mtu hakimbii gitaa likianza kuzungumza. Ndiyo kwanza anaingia ukumbini.

Kwa hiyo, anayeweza kukaa na sebene anaweza kukaa na roki ndefu. Tofauti ni kwamba sebene inamwamsha mtu acheze, na roki hii mara nyingi inamtaka akae kimya.

Sikiliza vitu vinne

1. Besi. Hii ndiyo nguzo. Mara nyingi inarudia kifungu kimoja kifupi muda mrefu. Ukiishika besi, hupotei hata gitaa likienda mbali.

2. Ngoma. Mpiga ngoma ndiye anayeonya kwamba mabadiliko yanakuja. Akianza kujaza mapigo, jua kuna kitu mbele.

3. Rangi ya gitaa. Wapigaji hawa hawabadilishi noti tu, wanabadilisha sauti yenyewe. Wanaikwaruza, wanaiongezea mwangwi, au wanatumia kanyagio la wah-wah, ambalo mguu ukilikandamiza na kuliachia, gitaa linasikika kama mdomo unaofunguka na kufunga. Katikati ya "Echoes" kuna vilio kama vya nyangumi. Hakuna mnyama pale: ni gitaa la David Gilmour, kanyagio la wah-wah likiwa limechomekwa kinyume.

4. Kupanda na kushuka. Hadithi ya ngoma hizi iko kwenye nguvu. Inaanza chini, inapanda, inavunjika, inarudi. Jiulize tu: sasa hivi tunapanda au tunashuka?

Simu inavyokuponza

Kosa la kwanza ni spika ya simu. Uzi mnene wa gitaa la besi hutoa sauti ya takriban hezi 41. Spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo ipasavyo, hivyo nguzo ya muziki inapotea na unabaki na kelele za juu. Halafu mtu anasema muziki unachosha. Spika za masikioni, hata za kawaida, zinasaidia sana.

Lakini usizidishe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Sauti ikiwa kubwa zaidi, muda unapaswa kupungua sana.

Kosa la pili ni kidole. Video fupi zimetuzoesha kuhukumu kitu kwa sekunde chache, na biashara nayo inasukuma huko huko. Spotify huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa ukifika sekunde 30. Kwa hesabu hiyo, dakika 23 na dakika mbili ni kitu kimoja. Msanii chipukizi akiiona hesabu hiyo, ana sababu gani ya kumwachia mpiga gitaa dakika tano? Sebene ikikatwa leo kwa sababu hakuna anayengoja, kesho hakutakuwa na kijana anayejifunza kuipiga. Ndiyo maana kusikiliza hadi mwisho si jambo dogo.

Anza hivi

Usianze na dakika 23. Anza na "Maggot Brain" ya Funkadelic, bendi ya Wamarekani weusi, ya mwaka 1971. Ina takriban dakika 10. Kuna maneno machache mwanzoni, kisha ni gitaa la Eddie Hazel linalolia mpaka mwisho, kama mtu aliyefiwa.

Ipakue kwenye simu kabla ya safari, ili bando likikata njiani usipoteze mtiririko. Zima arifa. Usifanye kitu kingine kinachohitaji akili.

Mara ya kwanza fuata besi peke yake. Mara ya pili fuata gitaa. Ukishindwa, acha, rudi siku nyingine, ngoma haikimbii.

Ukizoea, nenda kwenye "Echoes". Inaanza na noti moja ya kinanda, kama tone la maji. Na kama safari yako haiishii Muleba mjini bali inashuka kusini hadi tarafa ya Kimwani, utaimaliza na nafasi ya kuirudia itabaki.