AFYA YAKO: Kwa nini mgonjwa wa kichocho cha tumbo hutapika damu?

Ndugu msomaji, huenda umewahi kuona au kusikia jambo hili. Mtu ana nguvu zake. Jana alikuwa ziwani akivuta nyavu, au shambani akipalilia mpunga. Usiku anatapika damu nyingi. Kabla ya kufikishwa hospitali, anafariki. Msibani watu wanaulizana: "Amepatwa na nini? Mbona hakuwa mgonjwa?" Wengine wanasema amerogwa. Wengine wanasema amepewa sumu.

Katika vijiji vilivyo kando ya Ziwa Victoria, mara nyingi chanzo chake ni kichocho cha tumbo. Ugonjwa huo haukuanza usiku ule. Ulikuwa ukiliumiza ini kwa miaka mingi, kimya kimya. Leo tutaeleza jinsi damu inavyopita katika ini, na mambo yanayotokea njia hiyo ikizibwa.

Mishipa miwili ya ini

Ini liko upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Kazi zake ni nyingi. Hupokea chakula kilichokwisha sagwa, huweka akiba ya sukari, huondoa sumu, na hutengeneza vitu vya kugandisha damu mtu anapojikata. Kwa ajili ya kazi hizo ini huhitaji damu nyingi. Katika kila lita 4 za damu zinazosukumwa na moyo, lita 1 hivi hupita katika ini.

Damu hiyo huingia kwa mishipa miwili. Mshipa wa kwanza ni mkubwa. Huleta damu kutoka kwenye matumbo, ikiwa imebeba chakula. Tuuite mshipa wa matumbo. Mshipa wa pili ni mdogo zaidi. Huleta damu kutoka moyoni, ikiwa imebeba hewa safi nyingi. Tuuite mshipa wa moyo. Ukigawa damu yote ya ini mafungu 4, mafungu 3 hivi huletwa na mshipa wa matumbo, na fungu 1 huletwa na mshipa wa moyo.

Fikiri jaruba la mpunga lenye mifereji miwili. Mfereji mkubwa huleta maji yenye rutuba kutoka bondeni. Mfereji mdogo huleta maji safi kutoka kwenye chemchemi. Mkulima hodari hukaa kwenye lango la mfereji mdogo. Akiona maji ya mfereji mkubwa yamepungua, hufungua lango lake zaidi ili mpunga usikauke.

Ini nalo hufanya hivyo. Ndani yake hutengenezwa kitu kiitwacho adenosini. Kitu hiki hulegeza na kupanua mshipa wa moyo. Damu ya matumbo ikipita kwa wingi, hukichukua na kwenda nacho. Damu hiyo ikipungua, kitu hicho hubaki na kuongezeka. Ndipo mshipa wa moyo unapopanuka na kuleta damu zaidi. Ini hufanya kazi hii lenyewe, usiku na mchana, bila wewe kujua.

Kichocho huzibaje njia?

Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wanaoishi katika maji. Mtu akiingia katika maji hayo, vijidudu hupenya ngozi yake kwa dakika chache tu. Ndani ya mwili hukua na kuwa minyoo. Minyoo ya kichocho cha tumbo hukaa katika mishipa ya damu ya matumbo. Inaweza kuishi humo miaka mingi. Jike mmoja huweza kutaga mamia ya mayai kila siku.

Mayai mengine hutoka na choo kikubwa. Mengine huchukuliwa na damu ya matumbo mpaka kwenye ini. Huko hunasa katika vijishipa vyembamba. Mwili hupigana nayo, na mahali pa kila vita hubaki kovu. Makovu yakiwa mengi, njia ya damu ya matumbo huwa nyembamba. Mfereji mkubwa umezibwa.

Hapo mshipa wa moyo hupanuka ili kuliokoa ini. Kwa msaada huo ini huendelea kufanya kazi zake kwa miaka mingi. Macho ya mgonjwa hayawi ya manjano. Anakula, analima, anavua. Hii ndiyo sababu jirani zake husema hakuwa mgonjwa.

Lakini msaada huo haufungui mfereji uliozibwa. Je, maji ya mfereji mkubwa yatakwenda wapi? Yatapanda, yatatafuta njia za pembeni, na mwisho yatabomoa kingo. Damu ya matumbo nayo hufanya hivyo. Kwanza hurudi nyuma kwenye wengu, na wengu huvimba upande wa kushoto wa tumbo. Kisha hupita katika vijishipa vya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Vijishipa hivyo havikuumbwa kubeba damu nyingi. Hutanuka na kuwa vyembamba kama puto. Siku moja kimoja hupasuka. Ndipo mtu anapotapika damu.

Ufanye nini?

Usingoje dalili kubwa. Nenda zahanati ukiona mojawapo ya haya: kuhara damu, tumbo kuuma mara kwa mara, au uvimbe upande wa kushoto wa tumbo. Kama umezoea kuingia ziwani, mtoni au katika majaruba, omba kupimwa choo hata kama huumwi.

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli. Idadi ya vidonge hutegemea uzito wa mtu. Shuleni watoto hupimwa kwa urefu. Meza dawa baada ya kula. Dawa hii huua minyoo iliyokomaa, lakini michanga yaweza kubaki. Kwa hiyo mganga akikuambia urudi, rudi. Dawa ikitolewa mapema, makovu ya ini yanaweza kupungua, hasa kwa watoto. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mahali palipo na kichocho kingi, dawa itolewe kwa watu wazima pia na kwa watoto kuanzia miaka 2, wala si kwa watoto wa shule peke yao.

Mtu akitapika damu, au akipata choo cheusi kama lami, hiyo ni hatari kubwa. Mlaze kwa ubavu ili damu isimzibe pumzi. Usimpe chakula, kinywaji wala aspirini. Mpelekeni hospitali saa ile ile. Ndugu wenye afya wafuatane naye, kwa sababu huenda akahitaji kuongezewa damu. Hospitali kubwa zina chombo cha kufunga mshipa uliopasuka. Zipo pia dawa za kupunguza nguvu ya damu katika mishipa hiyo. Kwa hiyo kutapika damu si lazima kuwe kifo, mradi mgonjwa afike mapema.

Kuzuia ni bora zaidi. Yai la kichocho lisipofika majini, konokono hapati ugonjwa. Kwa hiyo kila nyumba iwe na choo, na kila mtu akitumie, hata wavuvi walio kambini. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wa Tanzania walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakachimba vyoo vingi sana. Kazi ile bado inatuhusu. Katika majaruba vaa mabuti ukiweza. Maji ya kuogea yakitekwa na kukaa siku 2 kamili katika chombo kisicho na konokono, vijidudu vya kichocho hufa. Maji ya kunywa yachemshe.

Ndugu msomaji, ini lina uvumilivu mkubwa. Huficha maumivu yake ili wewe uendelee na kazi. Usiutumie vibaya uvumilivu huo. Pima leo, ungali na nguvu.

Maswali ya kujadili katika kikundi
1. Damu huingia katika ini kwa mishipa mingapi? Inatoka wapi?
2. Kwa nini mgonjwa wa kichocho anaweza kuonekana mzima kwa miaka mingi?
3. Katika kijiji chetu, watu huingia wapi majini? Je, mahali hapo pana choo karibu?
4. Mtu akitapika damu usiku, tutamfikishaje hospitali? Panga sasa na wenzako.