Neno "Mshukiwa" Lilipofika Vuhovi

Polisi akisema "mshukiwa", kila mzungumzaji wa Kiswahili anaelewa: kosa limetendeka na huyu anasakwa. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola ilizunguka Beni, Butembo, Katwa hadi Vuhovi, mashariki mwa Kongo (DRC), ikaua watu 2,287 katika mlipuko wote. Neno hilohilo likabandikwa wagonjwa. Mama ana homa, anatapika. Anaingia kijana asiyemjua, kavaa jaketi lenye nembo, anamwambia yeye ni mshukiwa. Kijana anamaanisha tu kwamba damu haijapimwa. Mama anasikia shtaka, na anayeshtakiwa hujitetea, hujificha au hukimbia. Ingetosha kusema "anayesubiri majibu ya damu". Ni maneno mengi zaidi, lakini hayamtii mtu hatiani.

Kazi yenyewe ya kupambana na Ebola iliitwa kwa Kifaransa riposte, yaani pigo la kumrudishia adui. Neno hilo la mapigano lilitua eneo la Beni, ambako tangu Oktoba 2014 watu walikuwa wakichinjwa vijijini, na wafiwa hawakujua tena wa kumwamini. Baadhi ya waliotumwa kutoka Kinshasa walizungumza Kilingala, ambacho huku tumekizoea midomoni mwa askari. Kisha, tarehe 26 Desemba 2018, tume ya uchaguzi ikaahirisha kura za Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama. Baada ya hapo, aliyetamka "Ebola" alisikika kama mwanasiasa.

Ninaumia ninaposoma kwamba watu wetu walikuwa wakaidi. Walisikia vizuri kila kilichokuwamo ndani ya maneno yale, hata ambacho msemaji hakukusudia.

Kwa Wanande, wenyeji wa huku, habari haianzi na habari. Unaamkia kwanza, unaulizia watoto, unaulizia shamba, unangoja kiti. Ukimfikia mzee ukaanza kwa kumnyooshea kipimajoto kwenye paji la uso, umemgeuza kitu cha kupimwa. Na mkono je? Ebola ilikataza kupeana mikono, sawa, lakini anayeuficha mkono wake bila neno amedharau. Sentensi moja ya Kiswahili chetu cha Butembo ingeokoa mengi: "Siwezi kukupa mukono, ni juu ya kukukinga."

Maiti ilikuwa ngumu kuliko yote. Ndugu yako anaingia nyuma ya uzio wa kituo cha matibabu akiwa hai, anatoka ndani ya mfuko uliofungwa. Utajuaje ni yeye? Ndiyo maana naithamini CUBE, chumba cha mgonjwa ambacho shirika la ALIMA lilikitumia Beni mwaka 2018. Kuta zake ni za plastiki inayopitisha macho. Mtoto aliweza kusimama nje, akamwamkia mama yake kwa Kinande, akamwona akigeuza kichwa kumtazama.