Ambulensi Ikikuchukua, Bili Inamwendea Nani? Yajue Haya Kabla ya Dharura

Bodaboda imeanguka, abiria hana fahamu, na mtu anapaza sauti: "Iteni ambulensi!" Swali linalofuata huulizwa kwa sauti ya chini: nani atalipa?

Nchini Kenya, jibu linategemea ni ambulensi ya nani iliyofika.

Ya kaunti
Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti 47 huduma za ambulensi na zimamoto. Mafuta, dawa na mishahara hutoka kwenye bajeti ya kaunti, yaani mgao wa serikali kuu pamoja na ada za kaunti yenyewe. Kwa maneno mengine, mwananchi ameshalipa kupitia kodi. Shida ni kwamba bajeti ikikauka, gari huegeshwa tu.

Ya kibinafsi
Hapa kuna bili. Hulipwa na mgonjwa, familia au bima. Kwa wagonjwa wa mbali kuna ndege za AMREF Flying Doctors, huduma iliyoanza 1957 na yenye makao Uwanja wa Wilson, Nairobi. Mtu anaweza kujiunga kwa ada ya mwaka. Asiyejiunga na asiye na bima hukabiliwa na gharama kubwa.

SHA inaingia wapi?
Wengi hudhani makato ya asilimia 2.75 ya mshahara ndiyo hulipia dharura. Sivyo. Sheria ya 2023 iliunda mifuko mitatu, na makato hayo huenda kwenye mfuko wa bima. Dharura ina mfuko wake, pamoja na magonjwa sugu na mahututi, na pesa zake hutengwa na Bunge. Hospitali hutibu kwanza, kisha hudai SHA. Malipo yakichelewa, hospitali ndiyo hubaki na deni.

Hospitali inaweza kukufukuza?
La. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inatoza faini ya hadi shilingi milioni 3 kwa hospitali yenye uwezo inayokataa kumhudumia mgonjwa wa dharura.

Sheria hiyo ina uchungu nyuma yake. Mwaka 2015, majeruhi wa ajali alikaa takriban saa 18 ndani ya ambulensi jijini Nairobi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Alifariki.

Lakini angalia vizuri: kutokataliwa si sawa na kutolipishwa. Ukishatulizwa hali, matibabu yanayofuata yanaweza kuleta bili.

Fanya hivi leo
• Jisajili SHA kwa kupiga *147#.
• Hifadhi 999, 112 na 1199 ya Msalaba Mwekundu kwenye simu.
• Uliza ambulensi ni ya nani na nani analipa.
• Ukilipa chochote, dai risiti.