Bega Linauma, Sukari Inapanda



Swali ninaloulizwa sana wazazi wakija kuchukua watoto ni hili: "Mwalimu, daktari anataka nifanye mazoezi kwa sababu ya sukari, na bega langu haliinuki. Nifanyeje?" Wengi hulaumu baridi ya Minnesota. Baridi ina lake, lakini mara nyingi sukari yenyewe imo.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, hung'ang'ania kolajeni, protini inayojenga kano na mifuko ya viungo. Kolajeni hiyo hukakamaa, kama visheti vilivyokaukiwa shira. Ndiyo maana bega kuganda huwapata wenye kisukari mara kadhaa zaidi kuliko wengine. Unaanza kushindwa kuvaa koti, kisha kujifunga leso. Vidole navyo huweza kukunjika vikakwama.

Hapo wengi hukaa chini, na ndipo mambo yanapoharibika. Msuli unaofanya kazi hunyonya sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini ya mwili imezembea. Ukiupumzisha, sukari hubaki damuni. Kwa hiyo badilisha zoezi, usiliache. Bega likiuma, miguu bado ni mizima.

Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri angalau dakika 150 kwa wiki, bila kupitisha siku mbili mfululizo za kukaa tu. Ni nyingi? Tembea dakika 10 baada ya kila mlo, milo mitatu, siku tano: zimetimia. Kiangazi zunguka Moore Lake au njia za Springbrook. Barafu ikishika, tembea ndani ya maduka makubwa; kuteleza hakutusaidii. Goti likiuma, tumia baiskeli ya mazoezi au tembea ndani ya maji ya bwawa. Kuinuka kitini bila kushika, mara 8 au 10, huimarisha mapaja yanayolibeba goti. Bega lenyewe lisiachwe: simama mbele ya ukuta, pandisha vidole polepole kama buibui, ukome unapohisi kuvutika, kabla ya maumivu makali. Ukichomwa sindano ya steroidi begani, pima sukari mara nyingi zaidi, maana yaweza kupanda kwa siku kadhaa.

Wanaotumia insulini au vidonge kama glipizide wapime kabla ya kuanza; ikiwa chini ya 90, wale kitu kwanza. (Watoto, hesabu yenu hii: 90 ya hapa ni 5 ya Nairobi na Dar es Salaam. Gawanya kwa 18. Bibi akisema kwenye simu "yangu ni 8", hiyo ni 144.)

Kuna mguu mmoja usioutembelea: ule uliovimba, wenye joto kuliko mwenzake, hata kama hauumi. Kwa mwenye ganzi mifupa yaweza kuwa inavunjika bila yeye kujua. Usiukanyage, na umpigie daktari siku hiyohiyo. Watoto, macho yenu ni makali: kagueni nyayo za babu kila jioni, na mkung'ute viatu vyake kabla hajavaa.

Sasa neno moja la Kiswahili. Sisi husema "mshipa umevuta" kwa kila kitu. Lakini mshipa wa damu hupitisha damu, mshipa wa fahamu hupeleka hisia, na kano huunganisha msuli na mfupa. Tiba zake ni tofauti. Kwa daktari onyesha kwa kidole panapouma, kisha sema kama panachoma, panakaza au pamekufa ganzi. Na usimtwike mtoto wa darasa la nne kazi ya kutafsiri. Omba mkalimani wa Kiswahili unapopanga miadi. Ni haki yako, na hulipi.