Aadhini au Aimba?

Baba yangu alikuwa fundi baiskeli hapa Likoni, Mombasa, hatua chache kutoka pale watu wanaposhuka feri. Mimi nilikuwa nikitoka shule naziba pancha na kupaka minyororo mafuta. Jioni moja ami, aliyekuwa baharia, alirudi safari na kaseti yenye jalada la duara ndani ya duara. Iliandikwa Jazz, ila jazi humo hamna. Ni roki nzito: gitaa za umeme zinazokwaruza, ngoma za kishindo, na mwimbaji anayepaza sauti mpaka juu kabisa.

Wimbo wa kwanza, “Mustapha”, ulianza na sauti ya mwanamume peke yake, bila ala, ikipanda na kuvutwa. Bibi alikuwa akichagua mchele. Akainua uso.

“Mwanangu, huyo aadhini au aimba?”

“Aimba, mama,” ami akajibu. “Lakini ni mzaliwa wa Unguja.”

Ami alisema kweli. Mwimbaji huyo, Freddie Mercury wa bendi ya Queen, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi, na baba yake alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni. Akiwa na miaka minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Alirudi 1963, na mapinduzi ya 1964 yakaifanya familia ihamie Uingereza. Mji Mkongwe umejaa misikiti. Hata mtoto wa Kiparsi, asiyeswali humo, alilala na kuamka kwa adhana. Ndiyo maana naamini sikio la bibi halikukosea. Maneno ya wimbo ule ni mchanganyiko wa Kiarabu, Kiingereza na mengine aliyoyabuni mwenyewe, lakini mvuto wa sauti ni wa huku kwetu.

Albamu hiyo Queen waliirekodi kati ya Julai na Oktoba 1978, huko Montreux, Uswisi, na karibu na Nice, Ufaransa. Mercury alikuwa na Brian May kwenye gitaa, John Deacon kwenye besi na Roger Taylor kwenye ngoma. Walimrudisha mtayarishaji Roy Thomas Baker, waliyefanya naye A Night at the Opera mwaka 1975. Mashindano ya baiskeli ya Tour de France yalipopita maeneo yale, Mercury akatunga “Bicycle Race”. Katikati ya wimbo huo ala zinanyamaza, zinalia kengele za baiskeli tupu. Baba alipozisikia aliweka spana chini, akatoa kengele mbili kwenye sanduku la vipuri, akaziitikia. Sijawahi kumwona na furaha kama ile kazini.

Fujo ilitoka kwenye bango. Ili kuutangaza wimbo, wanawake 65 walipigwa picha uchi wakiendesha baiskeli katika uwanja wa Wimbledon, London. Bango hilo lilitiwa ndani ya santuri, lakini Marekani likaondolewa. Ikaja sherehe ya uzinduzi mjini New Orleans, usiku wa Oktoba 31, ambayo anasa zake zinasimuliwa hadi leo. Katika jarida la Rolling Stone, mhakiki Dave Marsh aliwafananisha Queen na mafashisti.

Bango lile silitetei. Wanawake wale waligeuzwa chambo cha kuuzia muziki, na ningeumia kumwona dada yangu mle. Nawaelewa pia Waislamu wenzangu wanaochukia jina la Mwenyezi Mungu kutajwa ndani ya roki, kama katika “Mustapha”. Ninachosikitikia ni kwamba kelele za bango ziliwazuia wengi kuzisikiliza nyimbo.

Albamu ilifika nafasi ya 2 Uingereza na ya 6 Marekani. Wimbo wake “Don’t Stop Me Now”, uliofika nafasi ya 9 tu Uingereza mwaka 1979, leo ni kati ya nyimbo za Queen zinazopendwa kuliko zote. Kwangu hauchezeki kirahisi. Ni wimbo wa mtu anayekimbia bila breki, na Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI. Pwani yetu nayo imezika wengi kwa ugonjwa huo, wengine usiku, kwa minong’ono.

Mwaka 2006, kikundi cha Kiislamu cha Uamsho kilipinga sherehe ya kuadhimisha miaka 60 tangu Mercury azaliwe, iliyopangwa Unguja. Mwaka 2019 makumbusho yake yakafunguliwa Mji Mkongwe. Kisiwa kile kile, mtoto yule yule.

Bibi hakuliona bango wala hakusoma jarida. Alisikia sauti, akauliza, akajibiwa, kisha gitaa zilipoingia akarudi kwenye mchele wake. Kaseti ninayo bado. Mkanda umekatika mara mbili, nikauunga kwa selotepu. Nikiibonyeza inaanzia pale pale: mtu mmoja, bila ala, anaita.