Maboga Yanadondoka: Maji Matamu ya Maua na Wadudu Wanaoyafuata

MUZIKI WA KUFUNGUA, KISHA UNAPUNGUZWA.

MTANGAZAJI: 

Wiki iliyopita tulikutana na mama mmoja mwenye bustani kando ya Nile, upande wa Rejaf. Amerudi kutoka kambini Uganda, akapanda maboga, bamia na kunde. Mavuno hayo ndiyo chakula cha watoto wake, na kinachobaki anakipeleka soko la Konyokonyo. Maboga yake yamechanua vizuri, shamba lote ni manjano. Lakini kila kitunda kikifika ukubwa wa yai, kinanyauka na kudondoka. Maji anamwagilia, samadi ameweka. Dawa ya wadudu amepiga mara tatu, kila siku asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali. Akatuuliza, "Sasa niongeze dawa?"

Tukamjibu: hapana mama, usiongeze. Leo tunaeleza kwa nini, maana huenda na wewe una swali hilohilo.

MUZIKI MFUPI.

MTANGAZAJI: Tuanze na maji matamu ya ua. Kwa Kiswahili huitwa mbochi. Shuleni wengine waliita nekta. Mmea hutengeneza sukari kwenye majani yake kwa kutumia mwanga wa jua. Sehemu ya sukari hiyo husafiri ndani ya mmea mpaka kwenye vitezi vidogo vilivyo ndani ya ua, na hapo hutoka kama jasho tamu. Ni sukari na maji. Nyuki huyanywa, huyabeba tumboni hadi mzingani, huyapunguza maji, nayo yanakuwa asali.

Mmea haupotezi sukari yake bure. Hayo ni malipo. Mmea hauna miguu, na una kazi inayohitaji miguu.

Tazama mmea wa maboga. Una maua ya aina mbili: dume na jike. Ua jike utalijua kwa kiboga kidogo kilicho chini yake tangu halijafunguka. Ua dume lina kikonyo chembamba tu. Ili kiboga kikue, unga wa manjano uitwao chavua lazima utoke kwenye ua dume ufike kwenye ua jike. Chavua ya boga ni nzito na inanata, upepo hauwezi kuibeba. Anayeibeba ni nyuki. Anaingia kutafuta mbochi, anajipaka chavua mwilini, kisha anaihamishia ua linalofuata.

Ua jike moja linahitaji kutembelewa na nyuki mara nyingi. Chavua ikiwa kidogo, kitunda hukua upande mmoja, au mmea hukiacha kidondoke. Na muda ni mfupi: ua la boga hufunguka alfajiri, na jua likipanda hufungika, halifunguki tena. Nyuki wana asubuhi moja tu.

Na mama yetu alipiga dawa saa ngapi? Asubuhi hiyohiyo. Aliwaua wadudu waharibifu, akawaua na wabebaji wa chavua.

SAUTI: NYUKI WAKIVUMA, SEKUNDE TANO.

MTANGAZAJI: Sasa nenda kwenye kunde, utazame kwa makini. Kunde inaweza kujichavusha yenyewe. Lakini angalia kwenye kikonyo cha maua, pale yanapokaa mawili mawili. Utaona kivimbe kidogo kinachotoa utamu nje ya ua. Wa nani huo? Ni wa walinzi. Sisimizi na nyigu huja kuunywa, na wakiwa hapo hukamata viwavi wanaotoboa maganda ya kunde.

Ukitaka kuviona vitezi vya namna hiyo kwa urahisi, tafuta mnyonyo, ule mbarika unaojiotea kando ya njia. Pale kikonyo kinapokutana na jani kuna vidonge vidogo vya mviringo. Mara nyingi utakuta sisimizi wamekwisha fika.

Lakini tahadhari moja. Geuza jani la kunde utazame chini yake. Ukikuta vidukari weusi wamejazana, sisimizi hao wamefuata utamu wa vidukari, nao huwalinda vidukari wasiliwe. Hapo waoshe vidukari kwa maji yenye sabuni kidogo. Ukikuta sisimizi bila vidukari, waache wafanye kazi yao.

Huko Laikipia, Kenya, kuna aina ya mgunga wenye miiba iliyovimba. Sisimizi huishi ndani ya miiba hiyo na kunywa mbochi ya mti, na tembo au twiga akija kula, humng'ata. Mwaka 2008 mtafiti Todd Palmer na wenzake walieleza kilichotokea pale wanyama wakubwa walipozuiwa kwa uzio kwa miaka 10. Miti ilipunguza mbochi na miiba ya kuishi walinzi. Walinzi wakapungua, sisimizi wa aina nyingine wakaingia, na mende wanaotoboa shina wakazidi. Miti iliyoonekana kupata amani ikadhoofika. Mlinzi asipolipwa huondoka, na adui anayeingia baadaye si lazima awe yule uliyemtarajia.

MUZIKI MFUPI.

MTANGAZAJI: Basi ufanye nini? Chukua kalamu.

Kwanza, usipige dawa wakati maua yako wazi. Kama ni lazima, piga jioni, maua ya boga yakiwa yamefungika.

Pili, ijue dawa yako. Ziko dawa zinazoingia ndani ya mmea na kufika hadi kwenye mbochi. Hizo, hata ukipiga jioni, nyuki atazinywa kesho. Dawa ya chupa isiyo na maandishi usiinunue, na yoyote uliyo nayo iweke mbali na watoto.

Tatu, mwagilia. Mmea wenye kiu hutoa mbochi kidogo, na nyuki huenda kwa jirani.

Nne, kama nyuki wamekwisha, saidia kwa mkono. Alfajiri chuma ua dume, bandua petali zake, kisha pakaza chavua katikati ya ua jike. Ua dume moja latosha maua jike mawili au matatu.

Tano, chunga miti. Mlulu huchanua wakati wa kiangazi, mashamba yakiwa makavu, na nyuki hupata chakula hapo. Ukiukata kwa ajili ya makaa, umepoteza mafuta ya lulu, na nyuki wa bustani yako umewanyima chakula.

Mama wa Rejaf ameacha kupiga dawa asubuhi, na kila alfajiri anachavusha kwa mkono huku akiwangoja nyuki warudi. Tutamtembelea tena, tutakuletea habari zake.

Na wewe, kesho asubuhi kabla ya chai, ingia bustanini. Simama mbele ya ua moja la boga, uhesabu nyuki wanaoingia. Usipoona hata mmoja, umeshajua tatizo liko wapi.

Mpaka wiki ijayo, kaa salama.

MUZIKI WA KUFUNGA.